Safari ya Hatua Arobaini

Shwarini haimo katika ramani yoyote, na kila mwaka siku ya sherehe za taifa serikali yake hulitaja jambo hilo kama ushahidi kwamba nchi haijapata kumkwaza mtu. Wenyeji wake ni watu wa Bonde na watu wa Mlima, ambao ni watani tangu enzi za mababu. Mtu wa Mlima akipita kwa mtu wa Bonde anaweza kuokota kuku uani na kuondoka naye akiimba. Mwenye kuku atamtukana mpaka kona ya njia, kisha atacheka na kurudi ndani.

Lakini wazee hawakuuweka utani kwa ajili ya kuku. Ugonjwa ukiingia nyumbani kwa mtu wa Bonde, na ndugu zake wakawa wanasimama mlangoni wamejifunika pua, mtani wa Mlima ndiye anayeingia. Ndiye anayemlisha mgonjwa kwa matusi, ndiye anayemwosha, na mambo yakiharibika ndiye anayechimba kaburi huku akimuuliza marehemu alikuwa na haraka gani. Mtani hakatai mlango wa mgonjwa. Mtoto wa Shwarini hulijua hilo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake.

Tambwe Mwinchande alikuwa mtu wa Bonde, afisa afya wa uwanja wa ndege wa mji mkuu. Shule hakuimaliza. Kazi yake alijifunza mwenyewe katika kitabu cha Kanuni za Afya Viwanjani, akisoma kurasa mbili kila asubuhi kabla ya chai, na akifika mwisho alianza upya. Sauti yake ilikuwa ndogo, kiasi kwamba abiria walilazimika kumwinamia ili wamsikie, na wakiinama tu naye huwapima joto kwenye paji la uso. Ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kutia sahihi cheti cha njano, kile kinachosema kwamba msafiri hana ugonjwa wa kuambukiza. Nchi za nje, ambazo haziamini mengi kutoka Shwarini, ziliiamini sahihi hiyo. Kwa miaka kumi na tisa Tambwe hakuwahi kuandika namba ambayo hakuiona kwa macho.

*

Homa ya kuambukiza iitwayo nyakua ilipoingia nchini haikupita mezani kwake. Iliingia kwa mlango wa wageni mashuhuri, ambako watu hawapimwi, kwa sababu waraka wa wizara ulikwisha eleza kwamba homa huheshimu itifaki. Mgeni mashuhuri alikwenda zake hotelini. Mpagazi aliyembebea masanduku, Bwana Mkadamu, alifika mezani kwa Tambwe siku tatu baadaye, akaegemea ukuta na kusema anaona abiria wawili wawili. Tambwe akampima, akaandika: thelathini na tisa nukta nne. Akapeleka taarifa wizarani kama kanuni zinavyotaka.

Kabla ya adhuhuri alifika Dakta Lukemo, Mkurugenzi katika Wizara ya Afya na Utulivu. Alikuwa mtu wa Mlima, mtani wa Tambwe kwa ukoo na kwa mazoea ya miaka mingi.

"Mla kambale!" alianza tangu mlangoni. "Umeandika nini tena?"

"Mla viazi, nimeandika nilichokiona."

"Thelathini na tisa nukta nne! Unajua joto la taifa ni ngapi?"

"Sikujua kama taifa lina joto."

"Thelathini na sita nukta tano. Baraza limelipitisha Jumatatu. Raia akizidisha hapo, amezidisha kwa niaba yake mwenyewe, serikali isihusishwe."

"Na Mkadamu?"

"Amechoka. Amebeba mizigo miaka mingapi? Ungekuwa unafanya kazi, nawe ungechoka."

Jioni ile Waziri alizungumza redioni kwa saa moja na nusu. Alisema nyakua ni jina la mitaani lililotungwa na watu wasio na shughuli. Kilichopo ni Uchovu wa Msimu. Mtu akichoka sana anaweza kufariki, nalo ni jambo la kujivunia katika nchi ya wachapakazi. Akamalizia kwa kuwaomba wananchi wasiogope, na papo hapo wananchi wakaanza kuogopa.

Waliacha kupeana mikono, wakasalimiana kwa viwiko. Kiwiko kikatiliwa shaka, wakasalimiana kwa miguu. Mwishowe watu wazima wakawa wanainuliana nyusi barabarani kama waliokosana. Mtu akikohoa sokoni aliachiwa benchi zima. Ilisemekana nyakua inaogopa kitunguu, basi watu wakavaa vitunguu shingoni, na ofisi ya kodi ikawa inasikika harufu tangu stendi. Bwana harusi mmoja alitolewa nje na wakwe kwa kupiga chafya. Akaoa kupitia dirishani.

Huko nje ya nchi mambo hayakuwa mazuri zaidi. Ndege za kigeni zilitua Shwarini bila kuzima injini, zikashusha abiria kama mtu anayemwaga maji ya kunawa. Mwanafunzi wa Shwarini aliyekuwa ng'ambo aliwekewa meza ya mtihani bustanini, na mvua ikanyesha katika swali la pili. Pasipoti ya kijani ilipoonekana tu kwenye foleni, foleni ilijikunja.

*

Mke wa Tambwe aliitwa Siwatu, mshonaji wa nguo. Mkadamu alikuwa jirani yake, wala hakuwa mtani wake, lakini mke wa Mkadamu alipobaki peke yake na mgonjwa, Siwatu alikwenda kumsaidia kumgeuza na kumfulia mashuka. Mkadamu akafa. Siku chache baadaye Siwatu akaweka mkasi chini, akasema kitambaa kinamkimbia.

Tambwe alimpima mara tatu, kwa sababu kanuni zinasema namba mbaya irudiwe. Zote tatu zilifanana.

Siwatu akapelekwa Kituo cha Mapumziko. Hilo lilikuwa ghala la zamani la mizigo, kule pembeni kabisa ya uwanja wa ndege, ambako wagonjwa waliitwa wageni, na wale waliotolewa kwa mlango wa nyuma waliandikwa kuwa wamemaliza mapumziko. Tambwe aliruhusiwa kusimama kizingitini. Katika jarida la afya lililotoka ng'ambo alikuwa amesoma kwamba vipo vidonge vyekundu vinavyotibu nyakua, endapo mgonjwa atavimeza kabla siku ya kumi haijaisha. Baada ya hapo, jarida lilisema, havidhuru wala havisaidii. Shwarini hakukuwa na kidonge hata kimoja, maana hakukuwa na ugonjwa. Tambwe akaanza kuhesabu siku.

Siku ya tatu alimkuta Lukemo ndani. Hakuamini macho yake. Mkurugenzi mzima, suti na tai, alikuwa amechuchumaa kando ya mkeka wa Siwatu na bakuli la uji mkononi.

"Fungua mdomo, we mwanamke wa matope."

"Siwezi kula mkononi mwa mtu wa Mlima," Siwatu alisema kwa sauti iliyokauka. "Huko kwenu hakuna maji. Mnanawa kwa umande."

"Umande msafi kuliko hayo madimbwi mlimozaliwa. Kunywa, la sivyo nakumwagia nikuoshe kabisa, maana inaelekea hujawahi."

Siwatu akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu alale, na alimaliza nusu bakuli. Tambwe, pale kizingitini, aligeuza uso akatazama ukuta.

Lukemo alipotoka alimshika bega. "Shemeji hatafia humu. Sikiliza. Nchi za nje zinataka kutufungia anga. Kuna Mkutano wa Dunia wa Homa, na tunapeleka wajumbe arobaini wakaseme kwamba sisi tuko salama. Hawatapokelewa bila vyeti vyako. Watilie sahihi, wape na cheti cha nchi, ndege irudi na vidonge. Boksi la kwanza la Siwatu."

"Cheti cha nchi kinasema nini?"

"Kwamba Shwarini haina nyakua."

"Na umetoka kumlisha uji."

"Tambwe, mimi nimeingia mlango ule. Waziri hawezi kuuingia. Wewe umeishia kizingitini. Nakuapia kwa mlango huo huo niliotoka. Mtani wako anakuapia."

Mtu wa Shwarini hana kiapo kizito kuliko hicho.

Wajumbe arobaini walifika kupimwa wakiwa na walinzi, wapambe na mashabiki. Tambwe alipima paji moja moja. Mapaji matatu yalikuwa yamelowa na ya baridi, maana wenyewe walikuwa wamekandwa barafu ndani ya gari. Kipimajoto kikasoma thelathini na tatu. Tambwe akaandika thelathini na tatu, na akajiambia kwamba namba ni ya kweli, uongo ni wa paji. Kisha akafika kwenye cheti cha nchi. Kwa cheti hicho hakukuwa na kipimo. Alikaa nacho kitambo, akafikiria bakuli la uji, akatia sahihi.

*

Wajumbe walirudi siku ya saba ya ugonjwa wa Siwatu. Redio ilisema hotuba ya Shwarini ilipigiwa makofi kwa dakika nne, na kwamba mara makofi yalipokoma, nchi za nje ziliipa Shwarini masanduku sitini ya vidonge vyekundu. Redio haikueleza kwa nini nchi isiyo na ugonjwa ipewe dawa. Ilisema ni zawadi ya ufasaha.

Tambwe aliyaona masanduku yenyewe yamepangwa forodhani, yamefungwa kwa utepe wa buluu. Alifika na barua yake ya kuomba dawa ameiandika vizuri, asili na nakala.

"Dawa ya nini?" aliuliza afisa forodha.

"Ya nyakua."

"Nyakua iko nchini?"

"Iko. Wagonjwa wako pale, unaweza kuliona paa kutoka hapa."

Afisa forodha alivuta mtoto wa meza, akatoa karatasi ya njano, akaisoma kwa kidole. "Hapa pameandikwa haiko. Siwezi kuingiza dawa ya ugonjwa usiokuwepo, ni sawa na kuingiza mavazi ya mtu ambaye hajazaliwa. Sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

"Basi, mzee wangu, unamlalamikia nani?"

Tambwe hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Alikwenda kwa Lukemo akiamini kwamba mtani wake naye ameshtukizwa, na alipofika alimkuta anazunguka ofisini, ameshika kichwa, tai imelegea. Tambwe akamwonea huruma.

"Forodha wamenifunga mikono, mtani. Lakini nimefikiri mpaka nywele zimeuma. Sheria inasema ndani ya nchi hakuna nyakua. Haikusema nje hakuna! Msafiri akirudi kutoka nje na homa, hiyo ni nyakua ya kigeni, na nyakua ya kigeni ina haki ya dawa. Tunachohitaji ni wagonjwa wetu wasafiri."

"Siwatu hawezi kusimama."

"Nani amesema wapande ndege? Kuna mlango wa kuondokea na kuna mlango wa kuwasilia. Kati yake ni ule ukumbi wa vioo, hatua arobaini. Mtu akigongewa muhuri wa kutoka, amekwisha toka. Hayuko Shwarini. Anatembea hatua arobaini, anagonga mlango wa kuwasilia, wewe unampima, unaandika homa ya kutoka nje, nami nasimama hapo na vidonge. Nani aliyekuambia watu wa Mlima hatufikiri?"

Tambwe alisoma kanuni usiku kucha na hakuona kifungu kinachokataza. Siku ya nane nzima ilipita katika kuandika hati za dharura za kusafiria. Alizijaza zote thelathini na moja kwa mkono wake.

*

Asubuhi ya siku ya tisa wasafiri walipelekwa katika ukumbi wa kuondokea, wengine kwa machela, wengine kwa viti vya magurudumu, na waliobaki wakishikana mabega. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutoka nje ya nchi. Siwatu alikuwa ameomba avikwe gauni la buluu alilojishonea kwa harusi ya binamu yake, maana, alisema, mtu hasafiri na nguo ya kulalia.

Taratibu zilifuatwa. Walipitishwa kwenye mashine, machela zikapitishwa kwenye mashine, na mama mmoja akanyang'anywa chupa ya maji kwa kuwa ilizidi kipimo. Mbele ya Siwatu alikuwa Mzee Ndekero, mtu wa Mlima, aliyebakiwa na mifupa na mdomo.

"Unakwenda wapi?" aliuliza karani wa uhamiaji.

"Nakwenda kurudi."

"Utakaa siku ngapi?"

"Inategemea huyu mwanamke wa Bonde nyuma yangu. Watu wa matope hawajui kutembea kwenye sakafu."

"Tembea, mzee," Siwatu alisema kutoka kwenye machela. "Usije ukafia ng'ambo tukalazimika kukusafirisha. Nani atakayeubeba mdomo huo?"

Hata karani alicheka. Akagonga muhuri mara thelathini na moja, na wasafiri wakaingia ukumbi wa vioo, mmoja baada ya mwingine, wenye nguvu kidogo wakikokota machela za wenzao, na mlango ukafungwa nyuma yao.

Tambwe alikimbia kwa njia ya ndani hadi mlango wa kuwasilia. Aliweka daftari, kipimajoto na glasi ya maji. Kupitia kioo aliwaona wakija polepole, kama watu wanaovuka mto. Siwatu aliinua mkono akampungia, na yeye akapunga, kama wafanyavyo wanaopokea wageni.

Walipofika, mlango haukufunguka. Tambwe alibonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Ndipo vipaza sauti vya uwanja vikakoroma, na sauti ya Waziri ikasikika:

"Ndugu wananchi. Leo saa nne na dakika kumi asubuhi, mgonjwa wa mwisho wa Uchovu wa Msimu ameondoka nchini kwa hiari yake, akiwa na hati halali. Serikali inawatakia wote safari njema. Aidha, kwa kuwa nyakua sasa iko nje ya nchi, serikali haina budi kukiri kwamba nyakua ipo, na inafunga milango yote kwa watu watokao huko."

Watu waliokuwa uwanjani walipiga makofi. Baadhi yao walivua vitunguu.

Lukemo alikuja akiwa amevaa kizibao kipya cha sherehe. Hakumtazama Tambwe usoni, alitazama daftari.

"Kitufe hakifanyi kazi," Tambwe alisema.

"Kinafanya. Umeme ndio umekatwa. Saa tisa wanakuja wakaguzi wa kimataifa na ndege yao, na Waziri alitaka wakute nchi safi. Usinitazame hivyo. Ni siku mbili tatu tu."

"Siku ya kumi ni kesho."

Lukemo alifunga kifungo cha kizibao.

"Uliapa kwa mlango wa mgonjwa," Tambwe alisema. Hakupandisha sauti. Lukemo alilazimika kuinama ili amsikie, na alipoinama akajikuta uso kwa uso naye.

"Mtani..." Akarudi nyuma hatua moja. "Tangu lini mtani akadai kiapo kwa mtani? Mimi na wewe tumetaniana miaka yote hii. Ningekuchukulia kuku ungenishtaki? Tulikuwa tunataniana, Tambwe."

Tambwe alimtazama kwa muda mrefu. Alimtafutia udhuru kama alivyokuwa akimtafutia siku zote: pengine ametishwa, pengine ana watoto wanaosoma, pengine hakuuelewa mpango mpaka leo asubuhi. Kila udhuru aliushika, akaupima, akauweka chini. Ulipokwisha wa mwisho, alifunga daftari, akalitia kwapani, akachukua kipimajoto na plasta ya vidonda, akaondoka.

Karani wa uhamiaji alishangaa kumwona kwenye foleni ya wanaoondoka.

"Afande wa afya! Unakwenda wapi?"

"Kwa mke wangu."

"Hiyo si nchi, mzee."

"Andika utakavyoona inafaa."

"Lakini ukitoka hutarudi. Umesikia tangazo."

"Nimelisikia."

Karani alikaa na muhuri hewani. Alikuwa binti wa Mlima, na mama yake alikuwa amemlea kwa mila. Aliugonga muhuri taratibu, bila kelele, kama anayefunga mlango wa chumba alicholala mtu.

*

Ukumbi wa vioo ulikuwa na ukuta mmoja unaotazama njia ya ndege. Tambwe aliwakuta wagonjwa wamelala chini yake, kwenye kivuli kidogo kilichokuwepo. Mzee Ndekero alikuwa amejikokota hadi kwa Siwatu na anamlowesha midomo kwa ncha ya kilemba, huku akimwambia kwamba maji haya ni ya Mlima na atayalipa kwa samaki.

Siwatu alifumbua macho. "Umekuja na dawa?"

"Nimekuja bila dawa."

"Lukemo je?"

"Alikuwa anatania."

Siwatu aligeuzia uso wake kwenye kioo, akakaa hivyo, na Tambwe akaona ni vizuri asimguse kwa wakati huo.

Kisha akaanza kazi. Alimpima kila mmoja, na hakuandika kwenye mistari midogo ya daftari. Alichana kurasa, akaandika juu ya kila ukurasa jina na joto, tarakimu kubwa kama kiganja, akazibandika kwenye kioo kwa plasta ya vidonda, zikitazama nje. Thelathini na tisa nukta nane. Arobaini. Thelathini na nane nukta sita. Kwenye kurasa nne za katikati aliandika neno moja moja: SHWARINI INA NYAKUA. MWINCHANDE. Chini yake akatia ile sahihi.

Saa tisa kamili ndege ya wakaguzi ilitua. Bendi ilipiga. Zulia lilitandazwa, Waziri akasimama juu yake na shada la maua. Ndege ikaja ikijivuta mpaka ikawa sambamba na ukumbi wa vioo, na hapo ikasimama. Kwenye kila dirisha dogo palionekana uso. Haikuchukua muda. Ndege iligeuka palepale, upepo wa injini ukalikunja zulia pamoja na sehemu ya bendi, ikakimbia, ikapaa.

Lukemo alikuja mbio kwenye mlango wa kuwasilia. Aliupiga kioo kwa viganja vyote viwili.

"Tambwe! Bandua karatasi hizo! Watatufungia anga lote!"

Tambwe alikwenda hadi kwenye kioo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na kitu ambacho serikali inakitaka.

"Lete vidonge," alisema. "Masanduku yako forodhani, hatua mia mbili tu. Ukileta, nabandua, hata sasa hivi."

Lukemo aliacha kupiga kioo.

"Nimekuambia nabandua. Sitaki kingine."

"Havipo."

"Nimeyaona masanduku."

"Umeyaona masanduku." Lukemo aliongea polepole sasa, na jasho lilimtiririka kwenye mashavu. "Ndani ni vitabu vya hotuba. Vidonge wajumbe walivimeza ndani ya ndege, wakati wa kurudi. Waliogopa. Kila mmoja alimeza vya kwake, na wenye wake wawili watatu wakawabebea wake zao. Nami waliniletea, nikameza, Tambwe. Mimi niliingia ndani ya lile ghala, nilimshika mkono. Niliogopa."

"Tangu siku ya saba?"

"Tangu siku ya saba."

"Kwa hiyo uliponiambia wasafiri, ulikuwa unajua."

Lukemo aliweka paji la uso kwenye kioo, karibu sana, kama abiria anayesubiri kupimwa. Kipimajoto kilikuwa mkononi mwa Tambwe. Hakukiinua.

Alirudi alikotoka. Nje, wanajeshi walikuwa wanakusanya zulia, na Waziri alikuwa bado ameshika maua. Tambwe alipiga magoti kando ya machela, akasogeza nywele za mkewe, akampima. Akarudia mara ya pili na ya tatu.

"Kinasemaje?" Siwatu aliuliza.

Angeweza kumpa namba yoyote.

"Arobaini nukta tatu."

Siwatu alivuta pumzi, akalitazama daftari. Ukurasa mmoja mweupe ulikuwa umebaki juu ya goti la Tambwe.

"Iandike kubwa," alisema, "wa mbali nao waione."